Kabla ya Charlie Parker alikuwepo Lester Young

Majira ya joto ya mwaka 1937, kijana wa miaka 16 aliondoka Kansas City na bendi ya George E. Lee kwenda kupiga muziki kwenye hoteli za mapumziko katika vilima vya Ozark, jimbo la Missouri. Mwaka uliotangulia alikuwa ameaibika mbele za watu. Alipanda jukwaani kwenye klabu ya Reno, akapotea katikati ya solo, na mpiga ngoma Jo Jones akamrushia toazi miguuni ili ashuke. Safari hii alibeba saksafoni yake ya alto pamoja na santuri za bendi ya Count Basie. Huko vilimani alizirudia usiku na mchana mpaka akazimeza solo za saksafoni zilizokuwamo, sauti kwa sauti, pumzi kwa pumzi. Aliporudi mjini wenzake walikuta mtu mwingine. Kijana huyo ni Charlie Parker. Mwenye solo zile ni Lester Young.

Historia ya jazz husimuliwa kama mbio za kupokezana vijiti: Louis Armstrong anamkabidhi Parker, Parker anamkabidhi John Coltrane. Lester huwekwa pembeni. Anatajwa kwa kofia yake bapa, kwa kuishika saksafoni upande upande kama mtu anayepiga kasia, kwa pombe na huzuni ya miaka ya mwisho. Mimi naona simulizi hiyo imeruka hatua iliyo kubwa kuliko zote. Jazz ya kisasa iligeuka kona mwishoni mwa 1936, na aliyeshika usukani alikuwa Lester Young. Parker alikuja kukimbia, tena kwa kasi ambayo hakuna aliyeiota, lakini barabara aliikuta imeshachongwa.

Kwetu neno jazz lina maisha yake. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco: hizo zilikuwa bendi za dansi, magitaa mbele, wapuliza midomo ya bata wakiitikia nyuma ya waimbaji. Jina lilivuka bahari likavaa muziki mwingine. Hata hivyo aliyezoea dansi ana mahali pa kuanzia, kwa sababu bendi za Kansas City nazo zilijengwa juu ya vipande vifupi vya kuitikiana, tarumbeta wakitamka, saksafoni wakijibu, mpaka ukumbi unachemka. Mji huo ulikuwa chini ya mwanasiasa Tom Pendergast, na vilabu vyake havikufungwa usiku, hata miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima. Wanamuziki walipiga mpaka jua linachomoza. Mtu hapati shule ya namna hiyo kwa ada yoyote.

Lester alizaliwa tarehe 27 Agosti 1909 huko Woodville, Mississippi, akakulia karibu na New Orleans. Baba yake, Willis Young, alikuwa mwalimu wa muziki aliyeifanya familia yake kuwa bendi na kuzunguka nayo kwenye maonyesho ya kusafiri. Lester alianza na ngoma. Baadaye, akiwa kwenye saksafoni, baba aligundua kwamba mwanawe anapiga kwa kusikia tu na noti hazisomi, akamwondoa kwenye bendi mpaka ajifunze. Alijifunza, akarudi. Lakini sikio lile la awali halikumtoka maisha yake yote. Katika miaka ya mwisho ya 1920 baba aliandaa ziara ya majimbo ya kusini. Lester alikataa kwenda kudhalilishwa huko kwa rangi yake, akaiacha bendi ya familia. Tangu ujana hadi kufa kwake, kila alipouhisi ubaguzi mahali, aliwaambia wenzake kwamba anasikia upepo wa baridi unaingia.

Ili kuelewa alichokifanya lazima tumtendee haki kwanza mtu aliyekuwa upande wa pili. Coleman Hawkins aliikuta saksafoni ya tenori, ile kubwa kuliko alto ambayo Lester naye aliipiga, ikiwa chombo cha kuchekeshea watu, akaipa heshima. Sauti yake ilitoka kifuani, nzito, yenye mtetemo mpana. Na alikuwa bingwa wa kodi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kwenye piano au gitaa, ambazo wimbo mzima huegemea. Kodi ilipobadilika, Hawkins naye alibadilika papo hapo. Alikuwa kama mtu anayekukaribisha kwenye jumba kubwa na kukufungulia kila chumba, akikuonyesha dari, sakafu na dirisha. Kufikia 1934 kila mpiga tenori Marekani aliyetaka kula kwa kazi hiyo alijitahidi kusikika kama yeye.

Lester alipita katika jumba lile lile akitembea barazani, akijiimbia. Milango yote aliijua ilipo, ila hakuona sababu ya kuifungua mmoja mmoja. Melodi ndiyo iliyomwongoza, nayo aliiacha iende mbele, ikipita juu ya kodi mbili au tatu kwa wazo moja. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kavu, karibu haina mtetemo. Aliipata, kama alivyoeleza mwenyewe, kwa kusikiliza santuri za Frankie Trumbauer, mzungu aliyepuliza saksafoni ndogo kuliko tenori. Lester alitaka wepesi ule utoke kwenye chombo kikubwa. Watu walimwambia anapiga tenori kama alto. Walikusudia kumkosoa.

Mwaka 1934 Hawkins aliondoka kwenda Ulaya, na Fletcher Henderson, mwenye bendi iliyoheshimika sana New York, akamwita Lester akalie kiti kilichoachwa wazi. Hapo ndipo ninapomwona Lester kwa ukaribu zaidi. Alifikia nyumbani kwa Henderson. Asubuhi mke wa Henderson, Leora, alimwekea santuri za Hawkins, kwa nia njema kabisa, asikilize tenori inavyotakiwa kupigwa. Asubuhi iliyofuata hivyo hivyo. Mfikirie kijana wa miaka 24, mgeni katika mji mkubwa, mwenye kazi ambayo wenzake wangeigombea, akinywa chai huku akifundishwa kuwa mtu mwingine. Wapuliza saksafoni wenzake kwenye bendi walinung'unika kwamba sauti yake haina mwili. Baada ya miezi michache Lester alimwomba Henderson barua ya kuthibitisha kwamba hakufukuzwa, akaenda zake.

Sisemi hili ili kumtia Hawkins doa. Mwaka 1939 alirudi Marekani na kurekodi solo ambayo bado ni somo kwa kila mpiga tenori. Nasema kwa sababu uamuzi wa Lester ulikuwa wa kisanaa, na ulimgharimu riziki. Kwa macho ya wakati ule alikuwa ameshindwa kazi. Angelegea kidogo tu, aongeze mtetemo, aikaze sauti, angekaa New York kwa raha, na sijui Parker angebeba santuri zipi kwenda vilimani.

Alirudi kwenye bendi ya Basie ya Kansas City, aliyoiacha alipokwenda kwa Henderson. Mapema 1936 John Hammond, tajiri kijana aliyetafuta vipaji, aliinasa bendi hiyo kwenye redio ya gari lake akiwa Chicago na akaifuata Kansas City. Kampuni ya santuri ya Decca ikamtangulia na kumfunga Basie kwa mkataba wa nyimbo 24 kwa dola 750, bila mrabaha. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Muziki uliouzwa miaka na miaka ulinunuliwa kwa bei ya jumla kama gunia la mahindi. Hammond naye, mwishoni mwa mwaka huo huo, aliwaingiza watu wachache wa bendi katika chumba kidogo cha kurekodia huko Chicago. Jina la Basie lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo santuri zilitoka kwa jina la kubuni, Jones-Smith Incorporated. Lester alikuwa na miaka 27, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kurekodi.

Sikiliza wimbo wa siku ile unaoitwa Shoe Shine Boy. Lester anapewa mizunguko miwili ya wimbo, vipimo 64, kila kipimo kikiwa kipande kidogo cha mapigo manne. Anaingia bila kugonga mlango. Hakuna kupanda taratibu, hakuna kelele ya kutangaza kwamba bwana mkubwa amefika. Sentensi ya kwanza ni fupi, ya pili inaichukua na kuigeuza, ya tatu inarefuka na kumalizikia mahali ambapo sikio halikutarajia. Halafu ananyamaza kidogo. Kunyamaza huko ndiko kunakonirudisha kwenye wimbo huo kila mara. Kwa wapigaji wengi wa wakati ule ukimya ulikuwa pumzi tu, mtu anajaza mapafu aendelee. Kwa Lester ukimya uko ndani ya sentensi, kama msimuliaji anayekutazama usoni kabla ya kukuambia kilichotokea.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atanielewa upesi. Katika shairi la mizani 16, kina cha kati na kina cha mwisho ni kuta. Maana mara nyingi hujipanga kati ya ukuta na ukuta, na mghani hupumzika hapo. Solo za jazz kabla ya Lester zilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Vipimo viwili vinasema, viwili vinajibu, vinne vinafunga. Armstrong alikuwa ameanza kuzitikisa kuta hizo. Lester aliifanya kuzivuka kuwa lugha ya kila siku. Anaanza wazo kabla mstari haujaanza, analimaliza baada ya mstari kwisha, na wimbo chini yake unaendelea na kuta zake kana kwamba hakuna lililotokea. Masikio mawili yanafanya kazi kwa pamoja: moja linasikia wimbo, jingine linamsikia yeye. Bebop, ile jazz ya kasi ya kina Parker ya miaka ya 1940, ilisimama juu ya raha hiyo.

Hakuifanya peke yake. Jo Jones, yule yule wa toazi, alikuwa ameupunguza uzito wa ngoma kubwa ya mguu na kuyahamishia mapigo kwenye matoazi mawili yanayofunguka na kufunga, yakinong'ona badala ya kugonga. Walter Page alitembeza besi, mapigo manne sawasawa kwa kila kipimo. Basie kwenye piano aliacha nafasi nyingi kuliko alizojaza. Mwaka 1937 akaongezeka Freddie Green na gitaa lake, na sakafu ikawa laini kabisa. Mtu anayetaka kuteleza anahitaji sakafu ya namna hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouchukulia mtindo wa Lester kuwa tabia tu ya mtu mpole. Ulikuwa hesabu. Bendi ilibeba uzito wote wa mapigo ili yeye asiubebe.

Kuna ufundi mwingine ambao wapuliza saksafoni wanaujua na wasikilizaji huupita bila kujua. Kwenye saksafoni sauti moja inaweza kutolewa kwa mipangilio tofauti ya vidole. Ukibadilisha vidole sauti inabaki ile ile, lakini rangi yake inageuka: mara iko wazi, mara imezibwa kidogo, kama mtu anayefungua na kufumba mdomo huku akivuta irabu moja. Septemba 1939, katika Lester Leaps In, Lester anashikilia sauti moja na kuichezesha hivyo, nuru na kivuli, nuru na kivuli. Mwingine angehitaji sauti kumi kutengeneza msisimko huo. Yeye imemtosha moja.

Wenzake walisimulia kwamba alishikilia jambo moja: mpigaji lazima ajue maneno ya wimbo anaoupiga, hata kama chombo chake hakina ulimi. Wapenzi wa taarabu hawatashangaa, kwa kuwa wanajua fidla inavyoweza kumalizia neno ambalo mwimbaji ameliacha njiani. Lester alifanya kazi hiyo kwa mwimbaji Billie Holiday kuanzia Januari 1937. Yeye ndiye aliyempa jina la Lady Day, na Billie akamwita Pres, yaani rais, kwa sababu hakuona mwingine wa kumtawaza kwenye saksafoni. Katika rekodi zao ni vigumu kusema nani anamsindikiza nani. Billie anaimba nyuma kidogo ya mapigo, bila haraka. Saksafoni inaingia kwenye mwanya, inasema maneno mawili matatu, inatoka. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Waimbaji wengi waliokuja baadaye walijifunza kwa Billie kuchelewa kwa makusudi, na kusikika wanazungumza badala ya kutangaza. Kwa hiyo sehemu ya deni lao inakwenda kwa Lester, ingawa wengi wao hawakuwahi kumtaja.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote. Mwaka 1949 Parker mwenyewe alisema kwamba alimpenda Lester kwa usafi na uzuri wa upigaji wake, ila hakuathiriwa naye, mawazo yao yalikwenda njia tofauti. Kauli ya mwenye kazi haiwezi kutupwa. Na ni kweli, Parker hakuiga sauti ya Lester hata kidogo. Yake ni ya moto, inakata kama wembe, na kwenye kodi alizama ndani kuliko hata Hawkins. Lakini Lee Konitz, mpiga alto aliyezunguka na Parker kwenye ziara, amesimulia jinsi alivyomsikia akijipasha moto kwa ile solo ya Shoe Shine Boy, kwa kasi inayokaribia mara mbili ya santuri. Miaka zaidi ya 15 ilikuwa imepita na solo ile bado ilikaa vidoleni. Mtu anaweza kusahau aliyemfundisha kutembea, miguu haisahau. Ninapoisikiliza sentensi ya Parker inayoanzia mahali pa ajabu, ikavuka vipimo na kutua upande wa pili bila kutetereka, mwendo ule naujua umetoka wapi. Kodi ni za Parker. Mwendo ni wa Lester.

Na huyo ni mrithi mmoja tu. Upande mwingine walikuwepo waliochukua sauti yenyewe. Mwaka 1947 Woody Herman, kiongozi wa bendi, alipanga saksafoni zake, Stan Getz na Zoot Sims wakiwamo, zote zikipuliza kwa ule wepesi wa Lester, na bendi ikapata jina kwa hilo. Dexter Gordon na Wardell Gray walichanganya mwendo wa Lester na ukali wa Parker. Paul Quinichette alimfanana mno hata wakamwita makamu wa rais. Coltrane, ambaye tunamweka upande wa Hawkins kwa jinsi alivyozichimbua kodi, alieleza mwaka 1960 kwamba katika tenori alivutwa kwanza na Lester, kwa ule unyofu wa mstari wake. Tukiwaondoa hao wote kwenye historia, hatubaki na jazz tunayoijua baada ya vita.

Linaloniuma ni malipo. Katika miaka ya 1950 vijana wa kizungu waliopiga kwa sauti ya Lester walijaza kumbi na kuuza santuri nyingi. Mwenye sauti alikuwa hai, yuko mji ule ule, anasikia sauti yake ikimrudia kutoka redioni kwa jina la mtu mwingine. Sisemi Getz aliiba. Alikuwa fundi wa kweli, na hakuficha alikojifunza. Lakini soko halikugawa sawa, na rangi ya ngozi ilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Kabla ya hapo jeshi lilikuwa limemchukua. Mwaka 1944, akiwa na miaka 35, Lester aliingizwa katika jeshi ambalo bado lilitenganisha weusi na weupe. Februari 1945, katika kambi ya Fort McClellan huko Alabama, mahakama ya kijeshi ilimhukumu mwaka mmoja kizuizini kwa kukutwa na bangi na vidonge. Aliyekataa kwenda kusini na baba yake akafungwa kusini na serikali yake. Alitoka mwezi Desemba.

Wachambuzi wengi wamegawa maisha yake vipande viwili kwa kisu hicho: Lester wa kabla ya jeshi, mwenye nuru, na Lester wa baada ya jeshi, aliyevunjika. Siikubali. Sauti iliongezeka uzito, ndiyo, na pombe ilimla mwili. Zipo jioni alizopiga vibaya na zimerekodiwa, hakuna haja ya kuzitetea. Lakini sikiliza alichokirekodi na mpiga piano Teddy Wilson Januari 1956. Kasi imepungua, sentensi zimekuwa fupi, na kila moja ina uzito ambao kijana wa miaka 27 asingeweza kuubeba. Mtu aliyebadilika tumemwita mtu aliyekwisha, kwa sababu tulitaka aendelee kutupigia ujana wake. Alifariki tarehe 15 Machi 1959 kwenye chumba cha hoteli ya Alvin, New York, akiwa ndiyo kwanza ametoka Paris. Alikuwa na miaka 49. Billie alimfuata mwezi Julai.

Miezi 15 kabla ya kifo chake, Desemba 1957, televisheni ya CBS iliwakusanya wapigaji wakubwa katika studio moja. Lester alikuwa dhaifu kiasi kwamba alipunguziwa kazi. Urafiki wake na Billie ulikuwa umepoa. Billie ameketi kwenye stuli, anaimba Fine and Mellow, bluzi ya mwendo wa pole, na wapigaji wamemzunguka, Hawkins akiwamo. Mpiga tenori Ben Webster anatangulia, sauti nene, yenye pumzi nyingi. Kisha anasimama Lester. Ana vipimo 12, chini ya dakika moja. Anapiga sauti chache sana, anaziacha zikae, kati ya sauti na sauti kuna nafasi ambayo ungeweza kuingiza sentensi nzima ya mtu mwingine. Haonyeshi ufundi wowote. Kamera inageukia uso wa Billie. Macho yake yako kwa Lester, midomo inatabasamu kidogo, na kichwa kinatikisika polepole kwa kukubali, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuijua ikielezwa sawasawa. Kisha Vic Dickenson anainua tromboni yake, na zamu ya Lester imekwisha.